Mtawa wa jikoni na hekalu la Mombasa

Abiria ashukaye Miritini siku hizi, katika kituo kikubwa cha reli kilichofunguliwa mwaka 2017, hukimbilia matatu ya kwenda mjini bila ya kutupa macho nyuma. Aghalabu hajui kwamba Miritini ilikuwa na stesheni yake kabla ya hiyo, katika reli ya zamani ya mkoloni ambayo ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896. Garimoshi lilitoka kisiwani, likapita Changamwe, likapita Miritini, kisha likaanza kupanda kuelekea Mazeras. Kila kilichokwenda bara kwa reli kilipita hapa: pamba, chumvi, barua, askari, na, kama nitakavyojaribu kueleza, dini.

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga reli ile, kwamba takriban 2,500 walikufa, na kwamba 6,700 hivi walibaki. Hapo somo hukoma. Mwanafunzi huondoka darasani akiamini kwamba kila Mhindi aliyepo Afrika Mashariki ni mjukuu wa kibarua wa reli. Si kweli. Vibarua wengi walikuwa watu wa Punjab. Wagujarati, ambao ndio wengi wa wenye maduka na wengi wa makarani, walikuja kwa njia yao wenyewe, wengine kabla ya reli na wengi baada yake, wakifuata biashara na kazi za ofisini. Na tukishawaweka dukani na ofisini, hatuulizi tena. Waliomba nini? Walimwomba nani? Ni nani aliyewafundisha, ilhali mahekalu yao na watawa wao walikuwa ng'ambo ya bahari?

Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi wa kutojali huko. Kiswahili kina neno moja, Mhindi, ambalo humeza Waislamu, Wahindu na Wajaini kwa pamoja. Kisha kikapata maneno ya kupambanua kwa mavazi na asili: Kalasinga, Mgoa, Baniani. Hilo la mwisho, ambalo kwetu ni Mhindu, asili yake ni jina la Kigujarati la tabaka la wafanyabiashara. Yaani hata tulipotaka kuitaja dini ya mtu, tulitaja kazi yake. Nasi tukatunga methali: Baniani mbaya kiatu chake dawa. Kila mwalimu huifafanua methali hii kwa wepesi, kwamba mtu usiyempenda huweza kukufaa, na ni nadra kumsikia akiuliza kwa nini ilipotafutwa sura ya mtu asiyependwa ilipatikana hii.

Ndiyo maana leo nimechagua kusimulia maisha ya Mhindu mmoja ambaye hakuwa na duka wala fedha; mtu ambaye kwa nadhiri yake hakuruhusiwa kuigusa fedha kabisa. Wafuasi wake walimwita Yogiji Maharaj, na kwa mapenzi zaidi Yogi Bapa. (Msomaji asikurupuke kudai kwamba bapa yao na baba yetu ni neno moja lililosafiri. Watoto wachanga wa mataifa mengi huanza kusema kwa sauti za midomo, na wazazi wa kila mahali huzidai sauti hizo kuwa jina lao.)

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1892 katika mji wa Dhari, Saurashtra, sehemu ya Gujarat itokezayo baharini kuelekea kwetu. Jina lake la utotoni lilikuwa Jhina. Mnamo 1908, akiwa kijana wa miaka 16, aliiacha nyumba ya wazazi akaingia katika hekalu la Junagadh kujifunza utawa, na mwaka 1911 akapewa nadhiri kamili na jina jipya, Jnanjivandas.

Hapa sina budi kueleza jambo la itikadi, maana bila hilo habari ya Mombasa haitaeleweka. Madhehebu ya Swaminarayan yamepata jina lao kwa mtu aliyezaliwa mwaka 1781 kaskazini mwa India na kufariki Gujarat mwaka 1830, ambaye wafuasi wake humwabudu kuwa ni Mungu aliyejidhihirisha. Baada yake palizuka swali la nafasi ya mwanafunzi wake mkuu, Gunatitanand Swami, aliyefariki 1867. Mtawa mmoja mwanachuoni, Shastriji Maharaj, alifundisha kwamba mwanafunzi huyo ndiye Akshar, makao ya milele ya Mungu, na kwamba yampasa kuwekwa katika hekalu ubavuni mwa Bwana wake. Wakuu wa hekalu la Vadtal waliyakataa mafundisho hayo. Shastriji akatoka na wachache, na mwaka 1907 akasimamisha hekalu katika kijiji cha Bochasan. Huo ndio mwanzo wa jumuiya iitwayo kwa kifupi BAPS. Yule kijana wa Junagadh alijiunga nao mwaka 1911, wakati ambapo kundi lilikuwa dogo, maskini, na lenye kuandamwa na maadui.

Alifanya nini katika kundi hilo? Alipika. Ningeweza kuipamba sentensi hii, lakini wote waliosimulia maisha yake wanakubaliana kwamba kwa miongo mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuamka kabla ya wengine, kufagia, kuteka maji, kukanda unga, kupika na kuosha vyombo. Makao yake yalikuwa Gondal, penye jengo la heshima la ukumbusho wa Gunatitanand, ambako Shastriji alijenga hekalu mwaka 1934. Alipofanywa mkuu wa hekalu hilo hakuyaacha masufuria. Mgeni aliyefika usiku wa manane alipikiwa na mkuu mwenyewe. Na msomaji akumbuke kwamba watawa wa jumuiya hii hula kwa bakuli la mti ambamo vyakula vyote, vitamu na vya chumvi, huchanganywa pamoja na kutiwa maji ili ulimi usifurahie. Huyu alikuwa mpishi aliyewapikia wengine ladha aliyojinyima yeye.

Sasa tuvuke bahari. Kabla ya mtawa yeyote wa jumuiya hii kukanyaga pwani yetu, palikuwa tayari na wafuasi wake hapa, tangu miaka ya 1920. Hawakuwa matajiri. Walikuwa wenye maduka madogo, makarani, na watumishi wa reli, baadhi yao wakikaa katika stesheni za mbali ambako jirani Mgujarati alikuwa safari ya siku nzima. Wawili hukumbukwa kuliko wengine katika kuwakusanya, Harmanbhai Patel na Maganbhai Patel. Walikutana nyumbani kwa mtu, wakaimba, wakasoma, wakala pamoja, wakaachana.

Na kilichowashikamanisha kilikuwa barua. Huko India alikuwako mtawa aitwaye Nirgundas Swami, mwandishi asiyechoka, aliyewaandikia watu wa Afrika barua ndefu kupita kiasi, kurasa kwa kurasa, zenye mafundisho, habari za mahekalu yanayojengwa, na maonyo kwa waliolegea. Barua hizo zilikuja kwa meli hadi Mombasa, zikapanda reli pamoja na mizigo mingine, zikasomwa kwa sauti mbele ya kikundi, zikapelekwa kwa kikundi kingine. Sisi wanaisimu hupenda kujadili tofauti ya jamii ya masimulizi na jamii ya maandishi kana kwamba ni vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Barua za Nirgundas zinaubomoa ukuta huo: ziliandikwa ili zisikike. Waswahili wa pwani, wenye mazoea ya kusomeana tenzi barazani, wangeuelewa mkutano ule mara moja, lau wangealikwa.

Shastriji Maharaj alifariki Mei 1951. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemweka kijana wa miaka 28, Narayanswarupdas, kuwa rais wa jumuiya. Ndiye ambaye ulimwengu ungemjua baadaye kwa jina la Pramukh Swami. Lakini uongozi wa kiroho ulimwangukia yule mpishi wa Gondal, akiwa na karibu miaka 59. Alikuwa mwembamba, hakusoma sana shuleni, na lafudhi yake ilikuwa ya watu wa shamba wa Saurashtra. Mtu wa mjini angemdharau. Mwaka 1952 alianzisha vikundi vya vijana, akasisitiza kwamba kila mahali penye wafuasi pawe na mkutano kila Jumapili. Nadhani hatua hiyo ya Jumapili ndiyo iliyokuwa ya busara kuliko zote alizochukua. Jumapili si siku takatifu ya Wahindu. Ni siku ya mapumziko ya serikali ya kikoloni, siku ambayo karani wa reli, mwenye duka na mwanafunzi wote wako huru.

Mwaka 1955, mwaka aliotimiza miaka 63, Yogiji Maharaj alikuja Afrika Mashariki. Sababu kubwa ya safari ilikuwa kuweka wakfu hekalu la Mombasa, la kwanza la Akshar-Purushottam katika Afrika yote. Tulitafakari jambo hili. Itikadi iliyofukuzwa Vadtal nusu karne kabla yake sasa ilikuwa ikisimamishiwa sanamu zake katika kisiwa cha Waswahili, kati ya misikiti na makanisa. Kwa Mhindu wa zamani, kuvuka bahari kulikuwa najisi ya kumtoa mtu katika tabaka lake. Kwa mtawa asiyeshika fedha na asiyekula chakula kilichopikwa ovyo ovyo, safari ya ng'ambo ilikuwa mtihani wa kila saa. Alikuja hata hivyo, kwa sababu waliomwita walikuwa wamesubiri miaka thelathini kwa barua.

Mombasa aliyoikuta haikuwa shwari. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mnamo Machi 1955 wafanyakazi wa bandari walikuwa wamegoma, na kijana Tom Mboya ndiye aliyejitokeza katika kuutatua mgogoro wao. Ukanda wa pwani, kwa jina, ulikuwa bado wa Sultani wa Unguja. Katika masimulizi ya wafuasi kuhusu mwaka huo, mambo haya hayana nafasi kubwa. Na katika historia zetu za mwaka huo huo, hekalu halimo kabisa. Watu wa mji mmoja, mwaka mmoja, waliishi katika vitabu viwili.

Kutoka Mombasa alizuru Nairobi, Nakuru, Kisumu, Tororo, Jinja na Kampala. Akafika pia Mwanza na Dar es Salaam. Mwalimu wa jiografia na aitazame orodha hiyo. Ni ramani ya reli. Kila mji humo una stesheni, na kila penye stesheni palikuwa na karani, na karani akawa na kikundi chake cha Jumapili. Ndivyo tawi la mji mmoja lilivyokuwa shina la matawi mengine. Alirudi tena 1960, akaweka wakfu mahekalu ya Kampala, Jinja na Tororo. Mwaka uliofuata, katika sherehe kubwa ya Gadhada huko India, aliwapa utawa vijana 51 kwa mpigo, wengi wao wasomi wa vyuo. Kiongozi wa sasa wa jumuiya hiyo duniani, Mahant Swami, ni mmoja wa vijana hao.

Nisieleweke vibaya. Sikusudii kumfanya mtu huyu malaika, wala jumuiya yake isiwe na la kuulizwa. Nadhiri za watawa hao zinawakataza kuzungumza na wanawake au kuwakaribia. Mwanamke Mgujarati wa Mombasa aliyepika na kufunga saumu kwa ajili ya sherehe ya 1955 alimwona kiongozi wake kwa mbali. Wanawake wana mikutano yao na upande wao hekaluni, na wengi wao husema wameridhika. Lakini mwalimu wa kike aliyelipeleka darasa lake huko atalazimika kuwaeleza wasichana wake jambo hili, na hatalieleza kwa urahisi.

La pili ni la lugha, na hapa nasema kwa taaluma yangu. Jumuiya hii ilihubiri, ikaimba, ikaandika na kufundisha watoto kwa Kigujarati. Hilo liliihifadhi. Mtoto aliyesoma Kiingereza shuleni na kuongea Kiswahili sokoni alirudi Jumapili kwenye lugha ya bibi yake. Lakini lugha iliyokuwa ngome kwa ndani ilikuwa ukuta kwa nje. Jirani wa hekalu hakuambiwa kilichomo, naye hakubisha hodi. Matokeo yake yamo katika kamusi. Kutoka lugha za India tumechukua gari, gunia, hundi, bima, laki, chapati na mengine mengi. Maneno yao ya ibada, mandir, murti, sadhu, satsang, hayakuingia hata moja. Hata mimi katika makala hii nimelazimika kusema hekalu, sanamu na mtawa, ambayo kila moja ina harufu ya dini nyingine, na neno sanamu kwa masikio ya Waswahili wengi ni tusi tayari. Mtu hawezi kuieleza imani ya jirani kwa heshima kama maneno yote aliyo nayo yameshaihukumu. Kosa hili ni letu na lao.

Safari ya mwisho ilikuwa 1970. Alikuwa na miaka 78 na afya imemtoka. Wafuasi wa Nairobi walikuwa wamenunua mwaka 1966 jengo la chama cha Wakristo wa Kihindi huko Ngara, wakaligeuza kuwa hekalu lenye vilele vitatu, naye akalizindua. Kisha akaendelea hadi London, ambako mwezi Juni alizindua hekalu katika jengo lililokuwa kanisa, mtaa wa Islington. Kwa nini London? Kwa sababu ya Kenya na Uganda. Tangu 1967, sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilikuwa zikiwasukuma Waasia wasio raia watoke Kenya, na mwaka 1968 Uingereza ikafunga mlango wake nusu baada ya maelfu kupita. Waliopita ndio waliomkaribisha Islington. Katika watu hao walikuwamo waliomwona mara ya kwanza wakiwa watoto huku Afrika Mashariki.

Alifariki Mumbai tarehe 23 Januari 1971. Siku mbili baadaye, tarehe 25, Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda, na mwezi Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90 za kuondoka. Mahekalu matatu ya 1960 yalipoteza waumini wake kwa msimu mmoja. Waumini wenyewe hawakupotea. Walifika Uingereza na sanduku moja moja, wakauliza mkutano wa Jumapili uko wapi, wakaukuta. Katika jumuiya iliyojenga hekalu la mawe la Neasden, London, lililofunguliwa Agosti 1995, watu wa Afrika Mashariki walikuwa nguzo. Nairobi nayo ikapata hekalu lake la mawe ya kuchongwa Agosti 1999, na wageni wanaolitembelea husimama nje wakiyatazama maua na tembo ukutani. Hekalu la Mombasa, lililotangulia yote mawili, halina umaarufu huo.

Nirudi kwenye lugha kidogo kabla sijaweka kalamu. Nimesema maneno ya ibada hayakuvuka kuja kwetu. Lakini yapo yaliyovuka kwenda kwao, nayo hayakupita hekaluni. Wagujarati waliotoka Afrika Mashariki, na hata watoto wao waliozaliwa Uingereza wasiowahi kuiona Mombasa, husema Kigujarati chenye maneno ambayo Mgujarati wa India hayaelewi. Njugu kwao ni jugu. Muhogo ni mogo. Wanasema kisu, wanasema sufuria, wanasema fagio. Walijifunza jikoni, kwa wapishi na yaya wa Kiafrika ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote, waliokuwa wakifagia na kukanda unga alfajiri katika nyumba zilezile ambamo Jumapili zilisomwa barua kutoka Gondal.